Kufundisha Historia ya Kodi, Ushuru na Ada: Mifano kutoka Bariadi na Usukuma

UTANGULIZI

Katika mada za historia zinazofundishwa katika shule za msingi, mada ya kodi ni mojawapo ya zile ambazo wanachuo huziandalia somo shingo upande. Tumekagua maandalio mengi wakati wa mazoezi ya kufundisha, na mara kwa mara tumekuta mambo mawili. Ama mwanachuo huandika ubaoni orodha ya miaka na viwango vya fedha ili wanafunzi wainakili, ama huifunga mada yote katika sentensi moja: kwamba zamani watu waliishi bila kodi, kisha wakoloni wakaileta. Njia ya kwanza humchosha mtoto. Njia ya pili humdanganya.

Makala hii inakusudia kuonyesha njia nyingine. Tutaeleza kwa ufupi historia ya malipo ya jumuiya katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu, hasa Bariadi, na katika Usukuma kwa jumla. Kisha tutapendekeza vipindi vitatu vya kufundishia. Mwalimu atakayepangiwa kazi Mbulu, Masasi au Pemba hatashindwa kubadili mifano yetu kwa mifano ya huko aliko.

Iko sababu nyingine ya kuandika juu ya jambo hili. Mwalimu wa shule ya msingi hajawa msimulizi tu wa historia ya malipo. Kwa miaka mingi amekuwa mmoja wa wakusanyaji. Ameshika orodha ya ada, ya michango ya madawati, ya mlinzi na ya mitihani, na amesimama nayo mbele ya watoto. Mtoto aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango amekwisha kufundishwa somo la kodi kabla hajafika darasa la tano, na alilojifunza ni kwamba malipo ni aibu ya maskini. Hapana budi mwalimu aijue historia hii vizuri ili asiirudie vibaya.

MASWALI MANNE

Mada hii ni pana, na mwanafunzi atapotea ndani yake asipopewa njia ya kuipitia. Tunapendekeza mwalimu ajenge mada nzima juu ya maswali manne, ambayo wanafunzi watayauliza juu ya kila zama:

1. Nani ameamua kwamba kitu hiki kilipwe?
2. Nani anakusanya?
3. Nani anaandika kilicholipwa, na je, mlipaji anaweza kuyaona maandishi hayo?
4. Mlipaji anarudishiwa nini?

Maswali haya yaandikwe kwenye karatasi kubwa, na karatasi ibaki ukutani mpaka mada imalizike. Nguvu yake ni kwamba hayamlazimishi mwanafunzi kusema kodi ni njema au mbaya. Yanamlazimisha kutazama. Tutaona kwamba watu wa nchi hii mara nyingi hawakugomea kutoa. Waligomea kutolewa bila kuulizwa, au kutoa wasione kinakokwenda.

MANENO KABLA YA MATUKIO

Ni vema kuanza na msamiati, kwa kuwa maneno yenyewe yamebeba historia. Neno ushuru limetokana na Kiarabu, na asili yake ni sehemu moja ya kumi. Neno ada, ambalo pia limetoka Kiarabu, maana yake ya kwanza ni desturi. Baadaye likawa jina la malipo ambayo desturi inamtaka mtu ayatoe, kama ada ya mganga au ya fundi, na leo ada ya shule au ya uanachama. Kodi ni malipo ya serikali, lakini pia ni malipo ya nyumba ya kupanga. Kiingilio ni cha kuingia. Mchango umetokana na kuchanga, yaani kukusanya kidogo kidogo kutoka kwa wengi, na ndiyo maana mithali husema haba na haba hujaza kibaba.

Neno lenye mafunzo makubwa kuliko yote ni hongo. Katika karne ya 19, misafara ya pembe na bidhaa iliyopita Ugogo na Unyamwezi ilitoa nguo, shanga na waya kwa watawala wa njiani ili ipate ruhusa ya kupita. Malipo hayo yaliitwa hongo, na hayakufichwa. Yalipatanwa hadharani, pengine kwa siku kadhaa. Leo hongo ni rushwa, kitu kinachotolewa gizani. Mwalimu awaulize wanafunzi: ni kitu gani kinachoyafanya malipo yaleyale yawe halali au yawe haramu? Wengi watafika wenyewe kwenye swali la tatu katika yale manne, yaani maandishi na uwazi.

Katika shule za Bariadi wanafunzi wengi huja na Kisukuma kutoka nyumbani. Wapewe nafasi ya kutaja maneno ya Kisukuma ya kutoa, kuchanga na kulipa, na mwalimu ayaandike ubaoni kando ya yale ya Kiswahili.

YALIYOMO: ZAMA TANO

(a) Zama za watemi

Kabla ya utawala wa kigeni, Usukuma haukuwa na mtawala mmoja. Ulikuwa na tawala nyingi ndogo, kila moja na ntemi wake. Katika eneo tunalolizungumzia zilikuwamo Ntuzu, Itilima na Kanadi. Wazee wengi hulieleza neno ntemi kwa kitenzi kutema, yaani kukata, kwa kuwa ntemi ndiye aliyekata mashauri. Chini yake walikuwapo wanangwa, waliosimamia vijiji.

Watu walimtolea ntemi vitu vya namna mbalimbali. Walilima mashamba yake kwa zamu, walimpelekea sehemu ya nafaka, na wawindaji walimpa baadhi ya walichopata porini, hasa pembe za ndovu na ngozi za simba na chui. Naye alikuwa na wajibu wake: kuamua kesi, kusimamia matambiko ya mvua na ya kilimo, kuwakirimu wageni, na kufungua ghala wakati wa njaa. Ntemi ambaye nchi yake ilikosa mvua aliweza kuondolewa. Tena ntemi mkali alipungukiwa na watu, maana mwenye kaya aliyechoshwa naye alichukua ng'ombe wake akahamia kwa ntemi mwingine, na ardhi ilikuwapo ya kutosha.

Mwalimu asizipambe zama hizi kupita kiasi. Walikuwako watemi waliokula ghala na jamaa zao. Lakini ni dhahiri kwamba mlipaji alimfahamu mpokeaji, aliliona ghala kwa macho, na alikuwa na mlango wa kutokea.

(b) Vikundi vya kazi na vya ngoma

Kando ya ntemi yalikuwapo malipo ambayo mtu aliyaingia kwa hiari. Vijana wa kijiji walijiunga katika kikundi cha kulima kilichoitwa elika, wakiongozwa na kiongozi waliyemchagua, nsumba ntale. Mwenye shamba aliyewaita aliwapa chakula au mnyama wa kuchinja. Asiyefika kazini bila sababu alitozwa faini.

Vivyo hivyo vyama vya ngoma na vya uganga. Bagika na Bagalu, ambao mashindano yao ya ngoma yanajulikana Usukuma kote, pamoja na Bayeye, mafundi wa nyoka, kila kimoja kilikuwa na taratibu zake za kumpokea mgeni na kumfundisha. Mwanafunzi wa chama alitoa kitu kwa mwalimu wake, naye akapata ujuzi, dawa na ndugu wapya. Hapo ndipo mtoto wa Bariadi atakapoelewa maana ya ada ya uanachama kwa urahisi zaidi kuliko kwa mfano wa chama chochote cha mjini.

(c) Kodi ya nyumba na ya kichwa

Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Nyumba ya kawaida ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni wengi walilipa kwa mazao au kwa kazi, lakini shabaha ya serikali ilikuwa fedha, na fedha haikuota shambani. Ilimbidi mtu auze mifugo, alime zao la kuuza, au aende kufanya kazi ya kibarua mbali na kwao. Kwa hiyo kodi haikuwa njia ya kujaza hazina tu. Ilikuwa pia njia ya kuwatoa watu majumbani na kuwaingiza katika kazi za wageni. Kusini mwa nchi, kodi na kilimo cha kulazimishwa cha pamba vilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya miaka ya 1905 hadi 1907.

Waingereza waliendeleza mpango huo. Sheria ya mwaka 1922 ilitoza kodi ya nyumba na kodi ya kichwa: mwenye nyumba alilipia nyumba, na mwanamume mzima asiye na nyumba alilipia kichwa chake. Mwenye wake wengi, kila mmoja na nyumba yake, alilipa zaidi. Asiyekuwa na kitu alilipa kwa nguvu za mikono yake katika kazi za serikali.

Tunamwomba mwanachuo aangalie kwa makini mabadiliko yaliyofuata wakati wa Gavana Donald Cameron, aliyetawala tangu 1925 hadi 1931. Sheria ya mwaka 1926 iliwatambua watemi kuwa viongozi wa serikali za wenyeji. Nafaka na kazi walizokuwa wakipewa ziligeuzwa kuwa fedha, zikaunganishwa na kodi. Fedha ikaingia katika hazina ya wenyeji, na ntemi akalipwa mshahara kutoka humo. Kwa mtazamo wa karani, mpango huo ulikuwa safi: palikuwa na daftari na stakabadhi. Lakini uhusiano wa zamani ulikatika. Ghala halikuwapo tena. Ntemi, ambaye zamani aliwaogopa watu wake wasije wakahama, sasa alimwogopa Bwana Shauri. Mlipaji alipata stakabadhi akapoteza sauti.

Mfano mmoja wa nje ya Usukuma unafaa kutajwa hapa, kwa kuwa unajibu swali la kwanza vizuri kuliko wowote tunaoufahamu. Katika nchi ya Upare, utawala wa wenyeji ulianzisha mwaka 1941 kodi ya ziada iliyopimwa kwa kadiri ya mali ya mtu, ikaitwa mbiru kwa kufuata jina la malipo ya kale ya Wapare. Kwa kuitazama tu, kodi inayomtoza tajiri zaidi ya maskini ni ya haki. Hata hivyo Wapare waliikataa, na mwezi Januari 1945 maelfu yao walishuka kutoka milimani wakaenda kukusanyika Same. Walikuwa tayari kulipa kodi ya kawaida. Walilolikataa ni mtu kuja kuikadiria mali ya nyumba zao bila wao kushauriwa, na jina la desturi yao kutumiwa kwa jambo ambalo desturi haikulijua. Baada ya miaka miwili hivi serikali iliiacha kodi hiyo.

(d) Mizani ya pamba na ushirika

Tukirudi Usukuma, mnamo miaka ya 1950 wakulima wa pamba walikuwa na manung'uniko juu ya mizani za wanunuzi. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe, kisha wakaunda vyama vya msingi. Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama hivyo, lililojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions. Mwanachama alilipa kiingilio na hisa, tena alikubali makato madogo katika kila ratili ya pamba. Kwa makato hayo ushirika uliweza kupata vinu vya kuchambulia pamba.

Hapa mwanafunzi atazame mambo mawili yaliyotokea kwa wakati mmoja. Wakulima walewale waliokubali makato ya ushirika ndio waliochukizwa na ada na ushuru wa mifugo na masharti ya kilimo yaliyoamriwa na serikali. Mwaka 1958 upinzani ulipamba moto huko Geita, na masharti hayo yakaachwa. TANU nayo, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954 na ambayo nguvu yake ilikuwa wanachama waliolipia kadi zao, ilikuwa imepigwa marufuku Usukuma kwa miaka kadhaa mpaka mwaka huo wa 1958. Mtu mmoja, mfuko mmoja, lakini malipo mawili yaliyopokewa kwa mioyo tofauti.

Ushirika haukubaki malaika. Makato yaliongezeka, watumishi waliongezeka, na mkulima akaanza kuuliza maswali yaleyale aliyokuwa akimwuliza mnunuzi wa zamani. Mwaka 1966 Serikali iliunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Leo vyama vya msingi vya mazao huitwa AMCOS, na mizani yao bado ni mahali pa kujifunzia.

(e) Baada ya Uhuru

Baada ya Uhuru utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1963. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali iliondoa kodi za halmashauri zilizotozwa vichwa vya watu pamoja na ushuru wa mazao, na mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikafutwa. Ziliporudishwa mwaka 1984 zilihitaji fedha, na kodi ya kichwa ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo. Wazee wa kila kijiji wanaikumbuka: wanaume walilala porini au walijificha katika mashamba ya pamba mgambo walipofika, na vizuizi viliwekwa njiani siku za mnada. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003.

Wakati huohuo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Unyamwezi na Usukuma waliunda sungusungu ili kupambana na wizi wa ng'ombe. Walichanga, wakatozana faini, na wengi walitoa bila kukimbia, kwa kuwa ng'ombe waliorudishwa waliwaona kwa macho. Sungusungu nao walipowatesa watuhumiwa au kuwatoza watu kwa chuki, walistahili maswali yale manne kama mtawala mwingine yeyote.

Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kazi Julai 1996, na kodi ya ongezeko la thamani ikaanza Julai 1998. Ushuru wa mazao ya biashara unaotozwa na halmashauri ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Leo kodi nyingi haimfuati mtu nyumbani. Imo ndani ya bei ya sabuni na soda. Mtoto wa darasa la tatu anayetumwa dukani kununua sabuni amelipa kodi tayari, ila hajaambiwa.

MBINU: VIPINDI VITATU

Mapendekezo haya yanafaa madarasa ya juu katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na yamepangwa kwa darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache.

Kipindi cha kwanza: igizo la kokoto

Wanafunzi wagawanywe katika kaya za watu 8 hadi 10. Kila kaya ipewe kokoto au mbegu, lakini zisiwe sawa: moja ipate 12, nyingine 7, nyingine 2. Igizo liwe na duru tatu.

Katika duru ya kwanza, kaya hupeleka sehemu ya mazao kwa ntemi, na ghala likae mbele ya darasa. Kisha mwalimu atangaze njaa, na ntemi aamue nani afunguliwe ghala. Katika duru ya pili, kila kaya hutakiwa kutoa kokoto 3 bila kujali inazo ngapi, na kokoto hizo zitolewe nje ya darasa. Kaya yenye 2 itafute namna ya kupata ya tatu. Katika duru ya tatu, kaya zikutane, zichague mwenyekiti, katibu na mweka hazina, zikubaliane kiwango na matumizi, na katibu aandike kila kilichotolewa.

Dakika 10 za mwisho zitumike kujaza jedwali ubaoni: duru tatu kwa wima, maswali manne kwa mlalo. Mwalimu asijaze yeye. Jambo litakalojitokeza, nalo lina thamani kubwa, ni kwamba duru ya tatu mara nyingi huchukua muda mrefu na huleta ubishi. Kushauriana kuna gharama yake, na wanafunzi waione.

Kipindi cha pili: mzee, bibi na stakabadhi

Kabla ya kipindi hiki kila mwanafunzi amwulize mtu mzima mmoja: ulipokuwa kijana mlilipa nini, kwa nani, na asiyelipa alifanywaje? Akina bibi waulizwe pia, maana kodi ya kichwa ilipomkimbiza mume porini, aliyebaki nyumbani na mgambo mlangoni alikuwa mke. Mwalimu amwalike mzee mmoja, akutane naye mapema na kumweleza shabaha ya somo, ili mazungumzo yasigeuke hadithi za kuchekesha tu.

Zana bora kabisa ni karatasi zilizohifadhiwa majumbani: stakabadhi ya kodi ya maendeleo, kadi ya ushirika, hati ya malipo ya pamba. Mwanafunzi afundishwe kuisoma stakabadhi kama anavyofundishwa kusoma ramani. Ina tarehe? Imetolewa na ofisi gani? Inasema fedha ni ya kazi gani? Kisha mwalimu aikabidhi kwa mwenyewe siku hiyohiyo.

Kipindi cha tatu: hesabu na kijiji

Historia iungane na Hisabati. Kwa mfano, mkulima ameuza kilo 400 za pamba kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo. Bei hii ni ya zoezi tu. Mauzo ni shilingi 400,000, na ushuru wa asilimia 3 ni shilingi 12,000. Wanafunzi walinganishe na fungu la kumi, ambalo lingekuwa shilingi 40,000, na zaka ya Waislamu ya asilimia 2.5, ambayo kwa fedha kama hiyo, ikiwa imetimiza masharti yake, ingekuwa shilingi 10,000. Kisha mwalimu aulize swali gumu: sheria humtaka mnunuzi ndiye alipe ushuru wa mazao, je, mkulima hagusi? Wanafunzi wajadili mnunuzi anavyoweza kuupunguza ushuru huo katika bei anayompa mkulima.

Mahali ambapo AMCOS au ofisi ya kijiji iko karibu, wanafunzi wapelekwe. Wakaombe kuonyeshwa mbao za matangazo, kwa kuwa taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji hutakiwa kuwekwa wazi. Wakiikuta, waisome. Wasipoikuta, hilo nalo wataliandika katika jedwali lao, chini ya swali la tatu.

TAHADHARI

Kwanza, mwalimu asiulize darasani ni mzazi wa nani hajalipa nini. Katika igizo, kaya maskini zipewe majina ya miti au ya wanyama, na zisiwe zile za watoto ambao darasa zima linajua hali zao.

Pili, mwalimu asigeuze kipindi kuwa kesi ya mtendaji fulani. Maswali manne ni kipimo cha kila mpokeaji, na mtoto akijifunza kukitumia bila chuki atakitumia maisha yake yote.

Tatu, asifundishe kwamba kulipa ni utumwa na kutolipa ni ushujaa. Zahanati ya kijiji, dawa zake na mshahara wa mwalimu mwenyewe vinatokana na malipo ya watu. Wapare walioandamana hawakudai wasilipe kitu.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, mwalimu atazame desturi ya shule yake. Ada ya shule za msingi iliwahi kufutwa katika miaka ya 1970, michango ikarudi, ikafutwa tena mwaka 2001, na tangu Januari 2016 elimumsingi hutolewa bila ada hadi kidato cha nne. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kushika michango, akaelekeza anayetaka kuichangia shule apeleke mchango wake kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kila mara ada ilipofutwa, michango ilitafuta mlango wa nyuma, kwa kuwa madawati na matundu ya vyoo hayajengwi kwa maneno. Wazazi wanaweza kukubaliana kuchangia uji wa watoto, na ni jambo jema. Lakini deni la mzazi halimhusu mtoto. Mtoto anayeitwa jina mbele ya wenzake kwa sababu ya debe la mahindi anapewa adhabu ya kosa asilolitenda, na hakuna andalio la somo, hata liwe zuri namna gani, litakalofuta alichofundishwa asubuhi hiyo.

KUPIMA

Mwalimu asipime kwa kuuliza miaka peke yake. Maswali ya namna hii yanafaa zaidi:

1. Taja tofauti mbili kati ya nafaka aliyopelekewa ntemi na kodi ya nyumba ya mwaka 1898.
2. Kwa nini wakulima walikubali makato ya ushirika wakati walipokataa ushuru wa mifugo?
3. Kodi ya mbiru ilimtoza tajiri zaidi. Kwa nini watu waliikataa?
4. Darasa lenu limekubaliana kununua mpira. Andikeni kanuni tano za kuchanga, mkijibu maswali yote manne.

Swali la nne ndilo lionyeshalo kama mada imeingia. Tena ingefaa mpira huo ununuliwe kweli kwa njia isiyomdai mtoto fedha, kwa mfano kwa mauzo ya mboga za bustani ya shule, na wanafunzi wenyewe watunze hesabu.

HITIMISHO

Tumeona kwamba malipo ya jumuiya ni ya kale kuliko fedha, na kwamba kilichobadilika ni sauti ya mlipaji, mkono wa mkusanyaji na mahali pa ghala. Mwanafunzi akimaliza mada hii akiwa anajua kuomba stakabadhi, kuisoma, na kuuliza kwa adabu fedha imefanya nini, mwalimu atakuwa ametimiza kazi yake. Naye mwanachuo atakayekabidhiwa siku moja fedha ya bustani, ya uji au ya chama cha walimu wenzake, akumbuke msemo wa wahenga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo alifungue siku ya kwanza, na aliweke mahali ambapo mwenye kutaka kulisoma anaweza kulifikia.